Ajali haina kinga, lakini ina fidia yake

Ajali haina kinga, walisema wahenga wetu. Methali hii twaifundisha darasani, twaitungia insha na twaitumia kumliwaza aliyefikwa. Lakini methali, mithili ya kisu, hutegemea mkono unaoishika. Katika kinywa cha jirani aliyekuja kutoa pole, ni maliwazo. Katika kinywa cha mwajiri ambaye mashine yake imemkata mfanyakazi vidole, hugeuka kuwa hila ya kuyakatiza mazungumzo: ajali haina kinga, pole sana, chukua hizi za kununulia dawa, ukipona tutaonana.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sheria ya nchi yetu haikuishia pale methali inapoishia. Hata kama ajali haina kinga, ajali ya kazini ina fidia, na fidia hiyo si sadaka wala hisani ya tajiri. Ni haki. Nami, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu wala si kutetea watu mahakamani, nitaliingia suala hili kwa mlango ninaoujua, yaani mlango wa maneno. Rai yangu ni kwamba wapo wafanyakazi wengi wanaoikosa haki hii si kwa sababu haimo katika sheria, bali kwa sababu haimo katika lugha waielewayo.

Tuanze na neno lenyewe, ajali. Asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya muda uliowekwa, hasa ule mwisho wa uhai wa mja uliokwisha kukadiriwa. Kiswahili kililipokea neno hilo pamoja na kivuli chake cha majaaliwa. Ndiyo maana tukisema kwamba jambo fulani lilikuwa ajali, huwa kana kwamba tumesema hakuna wa kuulizwa. Sheria ya kazi haiyakanushi majaaliwa, haiyashughulikii tu. Yenyewe huuliza maswali mawili makavu. Je, aliyeumia alikuwa mwajiriwa? Na je, aliumia kutokana na kazi na akiwa katika kazi? Majibu yakiwa ni ndiyo, mlango wa fidia umefunguka.

Neno fidia nalo lina historia yake. Nalo lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kile kinachotolewa ili kumkomboa mtu. Anayekombolewa hapewi zawadi. Hurudishiwa kile alichonyang'anywa. Fidia ya mfanyakazi haiwezi kurudisha mkono uliokatika, lakini hurudisha sehemu ya riziki ambayo mkono ule ungeichuma. Tofauti baina ya fidia na msaada ni hii: msaada hutegemea moyo wa mtoaji, ilhali fidia hutegemea haki ya mpokeaji.

Wazo hili lina umri wa zaidi ya karne moja. Zamani, katika nchi za viwanda, mfanyakazi aliyeumia alilazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba bwana wake alizembea. Maskini wa Mungu, asiye na fedha za wakili wala mashahidi walio tayari kumkabili tajiri wao, aghalabu alirudi nyumbani mikono mitupu. Ujerumani ilipitisha sheria ya bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikafuata na sheria yake ya fidia mwaka 1897. Msingi wake ulikuwa mapatano: mwajiri asibishane kuhusu ajali ilikuwa kosa la nani, bali alipe, naye mfanyakazi apate kidogo kilicho cha hakika badala ya kukimbilia kingi ambacho huenda asikipate.

Mapatano hayo yalifika kwetu pamoja na ukoloni. Kwa miaka mingi tulitumia sheria ambayo jina lake la Kiingereza lilimtaja mfanyakazi wa kiume peke yake, kana kwamba wanawake wachumao majani ya chai na wale wanaokaa mbele ya cherehani viwandani hawaumii. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, ile ambayo wengi wanaijua kwa kifupi chake, WIBA, nayo ikaanza kutumika mwaka 2008. Inawahusu waajiriwa wote, wakiwemo wa Serikali, isipokuwa wanajeshi. Inawahusu pia wanagenzi walio katika mafunzo ya kazi kwa mkataba, jambo ambalo wanafunzi wetu wa vyuo vya ufundi yafaa walijue kabla hawajashika nyundo.

Sheria hii inasema nini? Kwanza, inamwajibisha mwajiri amlipe fidia mwajiriwa aliyejeruhiwa akiwa kazini, bila ya mwajiriwa huyo kulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu yeyote.  Anayeikosa fidia ni yule aliyejiletea ajali kwa utovu wa nidhamu wa makusudi. Na hata huyo, ikiwa ameachwa na ulemavu mkubwa au amefariki, sheria haimfungii mlango.

Pili, sheria inaeleza mipaka ya neno kazini. Anayeanguka akitoka nyumbani kwake kwa miguu au kwa matatu ya abiria wote hahesabiwi kuwa yu kazini. Lakini anayesafirishwa bure kwenda au kutoka kazini kwa gari ambalo mwajiri amelitenga mahususi kwa shughuli hiyo, likiendeshwa na mwajiri mwenyewe au mmoja wa waajiriwa wake, huyo yu kazini hata kabla hajashika jembe. Mchumaji maua wa Naivasha anayepanda lori la shamba alfajiri aijue tofauti hii.

Tatu, si majeraha ya kukatwa na kuvunjika tu yanayofidiwa. Maradhi yanayotokana na kazi, kama yale yaletwayo na vumbi au kemikali, yamo pia. Vilevile, mwajiri anapaswa kugharimia matibabu yanayohitajika kwa sababu ya ajali, usafiri wa kumfikisha majeruhi hospitalini ukiwemo, pamoja na viungo vya bandia inapobidi.

Hapa ndipo yanapoingia maneno mawili ambayo watu huyachanganya: dhima na bima. Dhima ni ule wajibu ulio shingoni mwa mwajiri. Bima, neno tulilolipata kwa majirani zetu wa Bara Hindi na Uajemi, ni mkataba anaoufanya mwajiri na kampuni ili siku ya siku kampuni ibebe mzigo huo kwa niaba yake. Sheria inamlazimu kila mwajiri kuwa na bima hii, na asiyekuwa nayo anatenda kosa. Lakini bima isipokuwapo, dhima haitoweki. Mwajiri anayemwambia majeruhi kwamba hawezi kulipwa kwa kuwa kampuni haikuwa na bima ni sawa na mdeni anayesema hadaiwi kwa kuwa hana mfuko. Tena ni marufuku kwa mwajiri kumkata mfanyakazi mshahara ili kulipia bima hiyo. Ada yake ni mzigo wa mwajiri peke yake.

Wala tusiichanganye bima hii na makato mengine tunayoyaona kwenye hati ya mshahara. Michango ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya hospitali mwaka 2024, ni ya maradhi ya kawaida ya mtu na jamaa zake. Ile ya hazina ya malipo ya uzeeni ni ya uzeeni. Fidia ya ajali ya kazini ni chombo cha tatu, na kuwa na kimoja hakumpokonyi mtu kingine.

Neno jingine ambalo yatupasa kulitazama ni kibarua. Kimofolojia, kibarua ni udogo wa barua. Wengi walioandika historia ya mwambao wanalihusisha neno hili na kile kijikaratasi alichopewa mtu aliyefanya kazi ya kutwa, ili akionyeshe apokee ujira wake. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu. Leo tunaishi na kinaya kikubwa: mtu aliyeitwa kwa jina la karatasi ndiye asiyekuwa na karatasi yoyote. Hana barua ya kuajiriwa, hana kitambulisho cha kazi, na jina lake limo tu katika daftari la nyapara. Akiumia, huambiwa kwamba yeye si mwajiriwa bali ni kibarua tu.

Dai hilo halina mizizi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatambua mkataba wa mdomo na ule wa maandishi. Mtu anayefanya kazi kwa ujira chini ya maagizo ya mwingine ana mkataba, hata kama mkataba huo ulifungwa kwa maneno matatu langoni asubuhi. Ushahidi wake ni wenzake waliofanya naye kazi, malipo yaliyopitia kwenye simu yake, na daftari lile lile la nyapara.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana haki isiyoweza kuhesabika ni rahisi kudhulumiwa. Jeraha likimzuia mfanyakazi kufanya kazi kabisa kwa muda wa siku 3 au zaidi, anastahili malipo ya vipindi yanayolingana na mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 12, kwa kufuata viwango vinavyoweza kuwekwa na Waziri. Akiachwa na ulemavu wa kudumu, msingi wa hesabu ni mapato ya miezi 96. Aliyepoteza macho yote mawili, au viungo viwili, huhesabiwa kuwa na ulemavu wa asilimia 100. Wengine hukadiriwa na daktari kwa kufuata jedwali lililomo katika sheria.

Tuchukue mfano. Mfanyakazi anapata Sh15,000 kwa mwezi, na daktari amekadiria ulemavu wake kuwa asilimia 25. Zidisha Sh15,000 kwa 96, upate Sh1,440,000. Asilimia 25 ya hizo ni Sh360,000. Mwalimu wa hisabati wa darasa la saba anaweza kuifanya hesabu hii ubaoni kwa dakika mbili. Lakini kuna majeruhi waliopokea Sh10,000 na kushukuru kwa magoti, kwa kuwa hawakujua kwamba hesabu hiyo ipo.

Miaka michache iliyopita alinijia jirani mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya mbao. Msumeno ulikuwa umemkata vidole viwili vya mkono wa kuume. Mkononi alikuwa na karatasi yenye mistari minne ya Kiingereza, akitaka nimsomee kwa sababu, alivyosema, "Wewe mwalimu ni mtu wa lugha." Alidhani ni risiti ya Sh20,000 alizopewa. Kumbe ilisema kwamba amepokea malipo kamili na ya mwisho, na kwamba hatadai chochote tena milele. Sahihi yake ilikuwapo chini, imeandikwa kwa mkono wa kushoto.

Nilimweleza jambo ambalo kila mfanyakazi yafaa alijue: sheria inayatangua mapatano yoyote ya mtu kuyaacha mafao yake. Karatasi ile haikuwa na nguvu ya kuizima haki yake. Kilichokuwa na nguvu ni kalenda, kwani miezi 10 ilikuwa imekwisha kupita tangu msumeno umkate, nayo sheria inataka madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kuisha. Alikwenda katika ofisi ya usalama na afya kazini akafungua madai yake. Alilipwa, baada ya safari nyingi na kungoja kwingi. Karatasi ile ingemfunga mtu huyu si kwa nguvu ya sheria bali kwa nguvu ya lugha: aliamini imemfunga, na kwa hiyo angekaa kimya hadi muda upite.

Kwa wale ambao hawana jirani mtu wa lugha, utaratibu ni huu. Toa taarifa ya ajali kwa mwajiri mara moja. Sheria inakubali taarifa ya mdomo au ya maandishi, na yaweza kutolewa na mtu mwingine kwa niaba ya majeruhi. Lakini maandishi hayasahau, basi andika, na ubaki na nakala. Mwajiri naye anatakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Huduma za Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7 tangu apate habari, na kukitokea kifo, Mkurugenzi apelekewe habari katika saa 24. Daktari akishakadiria ulemavu, Mkurugenzi huwasilisha dai, na kampuni ya bima yapasa kulilipa katika siku 90. Fedha zikimfikia Mkurugenzi, amkabidhi majeruhi au wategemezi wake katika siku 30. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga, na baada ya jibu anaweza kukata rufaa katika mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira.

Yupo atakayeuliza kwa nini mtu asiende moja kwa moja mahakamani. Swali hilo lilibishaniwa kwa muongo mzima. Chama cha mawakili kilidai kwamba sheria hii inamnyima mfanyakazi haki ya kusikilizwa na mahakama. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilikubaliana nacho na kuvitangua vifungu kadhaa. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirejesha vingi vya hivyo. Na mnamo Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikauthibitisha uamuzi huo. Kwa hiyo leo mlango wa kwanza ni ofisi ya Mkurugenzi, na mahakama ni mlango wa rufaa.

Sipingi uamuzi huo. Lakini nauona una sharti ambalo halijatimizwa. Mlango wa wakili ulikuwa na mkalimani wake, ambaye ni wakili mwenyewe. Aliufahamu ulimi wa sheria na akausema kwa niaba ya mteja, hata kama alijilipa vizuri kwa kazi hiyo. Tukimwambia mfanyakazi apite mlango ambao hauhitaji wakili, basi twapaswa kuhakikisha kwamba kizingitini mwake panasemwa lugha anayoielewa.

Wapo watakaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kulibeba jambo hili. Wasomaji wa makala haya wamekwisha kujionea. Nimetumia fidia, dhima, bima, ulemavu wa kudumu, wategemezi, rufaa na mwanagenzi, na sikulazimika kuazima hata neno moja la Kiingereza ili nieleweke. Istilahi zipo. Kinachokosekana ni nia. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sawia na Kiingereza. Sheria ya Ajira nayo inamtaka mwajiri amfafanulie mfanyakazi mkataba wa maandishi kwa lugha anayoielewa, endapo hajui kusoma au haijui lugha ya mkataba. Ikiwa mkataba wa kuingia kazini wafaa kufafanuliwa, vipi karatasi anayotiliwa mbele mtu aliye kitandani, mkono wake umefungwa bendeji?

Napendekeza mambo mawili kwa Serikali. Fomu zote za kuripoti ajali za kazini zichapishwe kwa Kiswahili na Kiingereza, bega kwa bega. Na kila mahali pa kazi pabandikwe ukurasa mmoja wa Kiswahili sahili unaoeleza nani anafidiwa, aende wapi, na kabla ya siku ngapi. Gharama yake ni karatasi na wino.

Kwa walimu wenzangu nina ombi la karibu zaidi. Shule zetu nazo ni mahali pa kazi. Mpishi anayeungua na uji, bawabu anayeshambuliwa usiku, mhudumu wa maabara anayemwagikiwa na asidi na mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, wote ni waajiriwa, na shule iliyowaajiri ina dhima juu yao. Ulizeni kama bima yao ipo kabla haijahitajika.

Tena tunafundisha uandishi wa barua rasmi na ripoti kila mwaka, na kila mwaka tunawapa wanafunzi mada zile zile za kuomba kazi au kumlalamikia mhariri. Tuwape na hii: Wewe ni mfanyakazi katika kiwanda cha kusaga nafaka. Mwandikie meneja barua ya kumwarifu kuhusu ajali iliyokupata. Mwanafunzi atajifunza kutaja tarehe, saa, mahali, kazi aliyokuwa akiifanya, kiungo kilichoumia na mashahidi waliokuwapo. Atapata alama zake, na atakuwa ameandika waraka ambao siku moja huenda mzazi wake akauhitaji. Wengi wa watoto hawa watamaliza shule na kwenda kushika msumeno, usukani na majembe. Haifai wahitimu wakiwa wanaijua methali ya ajali kwa ghibu, na wasijue kwamba wana miezi 12 ya kudai kilicho chao.